Watoto Wasiougua na Uzito wa Ushahidi Wao

Utafiti wowote unaotaka kujua kwa nini watoto fulani wameugua hulazimika, kabla haujafika mbali, kuwageukia watoto ambao hawakuugua. Jambo hilo huonekana rahisi mpaka mtafiti anapotakiwa kuamua ni watoto gani hasa watakaosimama upande wa pili, na uamuzi huo, ambao aghalabu hufanyika ofisini miezi kadhaa kabla mhojaji wa kwanza hajabisha hodi kwa mtu, huathiri matokeo kuliko hesabu zote zitakazofuata. Katika epidemiolojia, yaani taaluma inayochunguza jinsi magonjwa yanavyosambaa katika jamii na mambo yanayoyasababisha, watoto hao huitwa kundi linganishi, na kila mmoja wao mlinganishi. Utafiti unaoweka wagonjwa na walinganishi sambamba, kisha ukarudi nyuma kuuliza ni nani kati yao aliyekutana na kisababishi kinachoshukiwa, huitwa utafiti wa wagonjwa na walinganishi. Magonjwa adimu ya utotoni, saratani hasa, hayachunguziki kirahisi kwa njia nyingine, kwa kuwa ugonjwa unaompata mtoto mmoja kati ya maelfu mengi ungemlazimu mtafiti afuatilie umati wa watoto kwa miaka na mikaka ili apate wagonjwa wachache.

Umuhimu wa kundi hilo ulidhihirika katika utafiti wa kimataifa kuhusu kuhara, unaofahamika kwa kifupi kama GEMS, uliosajili watoto wa chini ya miaka 5 kuanzia 2007 hadi 2011 katika nchi 7: Kenya, kwa upande wa Nyanza, pamoja na Msumbiji, Gambia, Mali, India, Bangladesh na Pakistan. Watoto 9,439 walikuwa na kuhara kwa wastani au kukali, na wengine 13,129 hawakuwa wakihara. Kinyesi cha makundi yote mawili kilipopimwa maabara, vijidudu vinavyodhaniwa kuleta kuhara vilionekana kwa asilimia 83 ya wagonjwa, kiwango ambacho kingemtosha mtu kutangaza kwamba chanzo kimepatikana, lau si kwamba vilionekana pia kwa asilimia 72 ya watoto wasiohara. Giadia, kimelea ambacho wengi wangekitaja miongoni mwa washukiwa wa mwanzo, hakikuonyesha uhusiano na kuhara huko. Baada ya kuondoa vijidudu vilivyokuwa vimejaa pande zote mbili, vilibaki vinne vilivyobeba sehemu kubwa ya lawama: virusi vya rota, kimelea cha kriptosporidiamu, bakteria wa shigela, na aina moja ya bakteria wa ekolai wanaotoa sumu. Kriptosporidiamu, ambacho kabla ya hapo kilihusishwa zaidi na wagonjwa wa UKIMWI, kilipanda ghafla katika orodha ya mambo yanayostahili kutafutiwa dawa, na kilichokipandisha ni watoto wasiougua.

Ushahidi wa watoto hao ulikuwa na nguvu kwa sababu hawakuokotwa njiani. Kila mlinganishi alipaswa kuwa wa jinsia ileile na mgonjwa wake, wa umri unaokaribiana naye, mkazi wa mtaa au kijiji kilekile au cha jirani, asiwe amehara kwa siku 7 zilizotangulia, na apatikane ndani ya siku 14 tangu mgonjwa aliposajiliwa. Kila sharti lina sababu yake. Virusi vya rota huwaandama zaidi watoto wachanga, hivyo mgonjwa wa miezi 8 akilinganishwa na mtoto wa miaka 4, tofauti itakayoonekana ni ya umri, wala si ya ugonjwa. Vijidudu hubadilika kwa msimu, kwa hiyo mlinganishi aliyetafutwa miezi mitatu baadaye angekuwa ameishi katika mvua nyingine na maji mengine. Kupata watoto wa namna hiyo kulitegemea orodha ya kaya zilizohesabiwa tayari, na mtoto aliteuliwa humo kwa bahati nasibu kabla mtu yeyote hajafika kwake. Kazi iliyobaki ilikuwa ya kidiplomasia zaidi kuliko ya kisayansi, kwa maana si kila mama anaelewa mara moja kwa nini mgeni mwenye kikopo anaomba kinyesi cha mtoto ambaye hana ugonjwa wowote.

Pasipo na orodha ya kaya, watafiti wa Afrika wamezoea njia ya mkato iliyotokana na tathmini za chanjo, ambapo mhojaji husimama katikati ya kijiji, huzungusha kalamu au chupa chini, hufuata upande inakoelekea, kisha huenda nyumba kwa nyumba. Njia hiyo ni ya haraka na ya bei nafuu, lakini nyumba zilizo karibu na katikati, palipo na duka, barabara na mara nyingi zahanati, huwa na nafasi kubwa zaidi ya kuangukiwa kuliko zile za pembezoni, na mtoto wa pembezoni ndiye mwenye safari ndefu ya kufuata maji na tiba. Hapo ndipo upendeleo unapoingia bila mtu kuukusudia. Katika takwimu, upendeleo ni mwelekeo wa kudumu wa kukosea upande mmoja, na tofauti yake na kosa la bahati ni kwamba hauponi kwa kuongeza idadi ya watu, kwani walinganishi 5,000 waliochaguliwa vibaya hutoa jibu lilelile la uongo ambalo wangelitoa 500, ila hulitoa kwa kujiamini zaidi.

Kanuni inayotawala uchaguzi huu ni fupi, ingawa utekelezaji wake ni mgumu: mlinganishi awe mtoto ambaye, kama angeugua ugonjwa unaochunguzwa, angefika mikononi mwa watafiti na kuhesabiwa miongoni mwa wagonjwa. Wapo wanaodhani kwamba mlinganishi bora ni mtoto mwenye afya tele, aliyeshiba, aliyekamilisha chanjo na asiyekohoa hata kidogo. Dhana hiyo imepotosha tafiti nyingi, kwa maana mlinganishi hatakiwi kuwa mfano wa afya, bali mfano wa jamii walikotoka wagonjwa. Watafiti wa mradi wa PERCH, uliotafuta visababishi vya nimonia kali ya watoto katika nchi 7, Kilifi ikiwa kituo chake cha Kenya, walikubali walinganishi wenye mafua na kikohozi chepesi mradi hawakufikia kipimo cha nimonia iliyochunguzwa. Kama wangewaondoa wote wenye mafua, wangebaki na kundi safi kupita kiasi, na kila kirusi cha kawaida cha puani kingeonekana kana kwamba ndicho kinachopeleka watoto wodini.

Wodi yenyewe ni mahali penye vishawishi vikubwa kwa mtafiti mwenye bajeti ndogo, kwa kuwa watoto wenye maradhi mengine wamelala kitanda cha pili, wazazi wao wapo, faili limeshafunguliwa na damu imeshachukuliwa. Mwaka 1946 Joseph Berkson, daktari na mwanatakwimu wa Mayo Clinic nchini Marekani, alionyesha kwa hesabu kwamba watu waliolazwa hospitalini wanaweza kuonyesha uhusiano kati ya mambo mawili ambayo katika jamii hayahusiani hata kidogo, kwa sababu kila ugonjwa na kila hali ina nafasi yake ya kumfikisha mtu kitandani. Katika ukanda wa malaria hatari hiyo si ya nadharia tu. Mtafiti anayetaka kujua kama kulala ndani ya chandarua kuna uhusiano wowote na nimonia, kisha akachukua walinganishi wake kutoka wodi ambayo nusu ya watoto wamelazwa kwa malaria, atakuwa amekusanya watoto ambao wengi wao wako pale kwa sababu hawakuwa na chandarua. Wagonjwa wa nimonia wataonekana kutumia chandarua kuliko wenzao, na mtu asiyetafakari ataandika kwamba chandarua huleta nimonia.

Hata hivyo si kila mlinganishi wa hospitali ni wa kutupwa, na hapa baadhi ya vitabu vya kufundishia huwa vikali kupita kiasi. Kenya ilipoanza kutoa chanjo ya virusi vya rota mnamo Julai 2014, watafiti wa Kilifi na Siaya walitumia muundo ambao mlinganishi ni mtoto aliyelazwa kwa kuhara kama wengine, ila kipimo kikaonyesha kwamba hana virusi hivyo. Wazazi wa makundi yote mawili walikuwa wameona dalili zilezile, wakaamua kwenda hospitali ileile, na kadi za chanjo zikaangaliwa kabla majibu ya maabara hayajajulikana, hivyo ile tofauti kati ya familia inayokimbilia hospitali mapema na ile inayosubiri ilipunguzwa sana. Jibu lililopatikana, kwamba chanjo hupunguza kulazwa kwa ugonjwa huo kwa takriban asilimia 64, lisingekuwa rahisi kupatikana kwa kubisha hodi majumbani. Sharti lake ni kwamba chanjo yenyewe isiwe na athari kwa kuhara kusikotokana na virusi vya rota, na sharti hilo lina busara.

Pengine hakuna ugonjwa wa utotoni uliowatia watafiti majaribuni kuhusu walinganishi kama ule uliopewa jina la Reye, daktari wa Australia aliyeueleza mwaka 1963 pamoja na wenzake. Mtoto aliyekuwa akipona mafua makali au tetekuwanga alianza kutapika ghafla, akachanganyikiwa, ubongo ukavimba na ini likajaa mafuta, na wengi walifariki. Tafiti za mwanzo zilizofanywa na idara za afya za baadhi ya majimbo ya Marekani ziliona kwamba karibu wagonjwa wote walikuwa wamepewa aspirini. Watengenezaji wa dawa na baadhi ya wanasayansi walipinga, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi: aspirini hutolewa kwa mtoto mwenye homa, na mtoto mwenye homa kali zaidi hupewa zaidi, kwa hiyo iwapo walinganishi walikuwa na mafua mepesi, basi kilichopimwa kilikuwa ukali wa ugonjwa wa awali na si madhara ya dawa.

Serikali ya Marekani iliagiza utafiti mpya, na matokeo ya hatua yake ya majaribio yakachapishwa mwaka 1985. Sharti la kwanza lilikuwa kwamba kila mlinganishi awe naye ameugua maradhi ya aina ileile yaliyomtangulia mgonjwa, mafua kwa mafua na tetekuwanga kwa tetekuwanga, ili wote wawe wamepata nafasi sawa ya kupewa dawa ya homa. Kisha, badala ya kubishana ni chanzo gani cha walinganishi kilicho bora, watafiti walitumia vyanzo vinne kwa pamoja: watoto waliopelekwa chumba cha dharura, watoto waliolazwa, watoto wa shule moja na mgonjwa, na watoto wa mtaani waliopatikana kwa kupiga simu kwa namba za bahati nasibu. Kila chanzo kilikuwa na kasoro yake, na kasoro hizo hazikuelekea upande mmoja. Watoto wa chumba cha dharura na wa wodini walikuwa na uwezekano wa kuwa wagonjwa zaidi, wale wa shuleni na wa simu nafuu zaidi. Asilimia 93 ya wagonjwa walikuwa wametumia dawa za jamii ya aspirini, ikilinganishwa na asilimia 46 ya walinganishi kwa ujumla, na pengo hilo halikuzibika hata kundi moja moja lilipotazamwa peke yake. Wagonjwa walikuwa 30 tu. Uchache huo ungewatia watu mashaka katika utafiti mwingine wowote, lakini hapa mpangilio wa walinganishi ulifanya kazi ambayo wingi wa wagonjwa usingeweza kuifanya. Mwaka 1986 onyo likaanza kuandikwa kwenye vifungashio vya aspirini nchini humo, Uingereza nayo ikashauri dawa hiyo isitolewe kwa watoto chini ya miaka 12, na ugonjwa ambao Marekani iliwahi kuripoti wagonjwa 555 katika msimu mmoja, wa 1979 hadi 1980, ukapungua mpaka kuwa nadra sana.

Walinganishi wakishachaguliwa vizuri, bado kuna suala la kumbukumbu. Alice Stewart, daktari wa Oxford, alitangaza mwaka 1956, kisha kwa kirefu mwaka 1958, kwamba watoto waliofariki kwa saratani nchini Uingereza walikuwa wamepigwa eksirei wakiwa tumboni mwa mama zao mara mbili hivi kuliko watoto walio hai. Walinganishi wake walitoka katika madaftari ya vizazi ya maeneo yaleyale, jinsia ileile na umri uleule, kwa hiyo hakukuwa na la kulaumu hapo. Lawama ilielekezwa kwa mama. Mama aliyefiwa na mtoto ameupitia ujauzito wake kichwani mara nyingi, akitafuta kilichotokea, ilhali mama ambaye mtoto wake yuko shuleni hana sababu ya kukumbuka kama alipigwa picha hospitalini miaka minane iliyopita. Jibu lilikuja mwaka 1962 kutoka kwa Brian MacMahon, ambaye hakumwuliza mama yeyote. Alichukua kumbukumbu za hospitali 37 za kaskazini mashariki mwa Marekani, zenye watoto zaidi ya 734,000 waliozaliwa kati ya 1947 na 1954, akatafuta waliofariki kwa saratani, na kama kundi linganishi akachukua sampuli ya asilimia moja ya watoto hao wote. Eksirei zilikuwa zimeandikwa kwenye majalada kabla mtoto yeyote hajaugua. Hatari iliyoonekana ilikuwa ndogo kuliko ya Stewart, takriban asilimia 40 zaidi, lakini ilikuwepo.

Bahati ya kupata majalada kama hayo haiwapati wote. Tangu Nancy Wertheimer na Ed Leeper walipoandika mwaka 1979 kwamba watoto waliokufa kwa saratani mjini Denver waliishi zaidi karibu na nyaya zenye mkondo mkubwa wa umeme, suala la umeme na saratani ya damu ya watoto limezunguka palepale, na sehemu kubwa ya mzunguko huo ni walinganishi. Utafiti wa pili wa Denver, uliochapishwa mwaka 1988, uliwapata walinganishi kwa simu na ukataka wawe hawajahama nyumba tangu tarehe ambayo mgonjwa aligunduliwa, huku wagonjwa wenyewe wakiruhusiwa kuwa wamehama. Familia zinazohamahama, mara nyingi wapangaji wa nyumba za gharama ndogo kando ya barabara kubwa, zikabaki upande wa wagonjwa peke yake. Kwingineko tatizo lilikuwa kukataa: mzazi wa mgonjwa hukubali karibu kila ombi, mzazi wa mtoto mzima asiye na kipato kizuri hukataa zaidi kuliko tajiri, na hivyo kundi linganishi hujaa wenye nacho, wanaoishi mbali na nyaya hizo. Mwaka 2002 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka usumaku wa umeme katika daraja la vitu vinavyowezekana kusababisha saratani, kwa msingi wa uhusiano ambao wataalamu wenyewe walikiri kwamba huenda ukatokana, japo kwa sehemu, na jinsi walinganishi walivyopatikana.

Afrika Mashariki ina historia yake katika jambo hili, na inahusu uvimbe wa taya na tumbo ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 alipokuwa daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Ilishukiwa kwamba virusi vya Epstein-Barr vinahusika, lakini karibu kila mtoto wa Uganda alikuwa na virusi hivyo, na kupima damu ya mtoto aliyekwisha kuugua kusingeonyesha kama kingamwili nyingi zilitangulia uvimbe au zilisababishwa nao. Kati ya 1972 na 1974 watafiti walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa wilaya ya West Nile, wakaigandisha, wakasubiri. Mwaka 1978 walipotoa matokeo, watoto 14 kati yao walikuwa wameugua, na kwa kila mmoja walinganishi walitolewa katika akiba ileile ya damu, wa umri, jinsia na eneo lake. Wagonjwa walikuwa na kingamwili nyingi zaidi tangu miezi na miaka kabla ya uvimbe kutokea. Hakukuwa na mama wa kukumbuka wala jirani wa kukataa, kwa kuwa kila mlinganishi alikuwa ameshatoa damu kabla yeyote hajajua nani angekuwa mgonjwa.

Malaria, mshukiwa wa pili wa uvimbe huo, imekuwa ngumu zaidi. Mradi wa EMBLEM, uliofanyika Uganda, Tanzania na Kenya kuanzia 2010 hadi 2016, uliwachukua walinganishi kutoka vijiji vilivyoteuliwa kwa bahati nasibu katika maeneo waliko wagonjwa, utaratibu mzuri kuliko wa tafiti nyingi zilizoutangulia, na bado wagonjwa walikutwa na vimelea vya malaria mara chache kuliko watoto wa vijijini. Hilo halimaanishi kwamba malaria huzuia uvimbe. Mtoto anayefika hospitali ya rufaa na taya iliyovimba amekwisha kupita duka la dawa, zahanati na pengine hospitali ya wilaya, na kila alipopita alipewa dawa ya malaria, wakati mwenzake wa kijijini hakupewa chochote.

Miongo kadhaa kabla ya hapo jaribio la aina nyingine lilifanyika Tanzania, katika wilaya ya Mara Kaskazini, ambako kati ya 1977 na 1982 watoto wa chini ya miaka 10 waligawiwa vidonge vya klorokwini ili ionekane kama uvimbe utapungua pamoja na malaria. Kiwango cha watoto wenye vimelea kilishuka mara moja kutoka asilimia 45 hadi 13, kisha kikapanda taratibu mpaka kikakaribia kilipokuwa. Uvimbe nao ulishuka, ukafikia mgonjwa 0.5 kwa kila watoto 100,000 mwaka 1980 na 1981, kiwango cha chini kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa hapo, na mwaka 1984, miaka miwili baada ya ugawaji kusimama, ukarudi hadi 7.1. Kwa kuutazama mchoro tu, mtu angesema jambo limethibitika. Lakini mlinganishi mkuu wa wilaya hiyo alikuwa wilaya ileile ya miaka iliyopita, na takwimu hizo za nyuma zilipopangwa mwaka kwa mwaka zilionyesha kwamba uvimbe ulikuwa umeanza kupungua kabla ya kidonge cha kwanza kugawiwa.